Kasi ya wastani na velositi ya wastani: mwongozo wa barabara ya Iringa–Mbeya

Muulize dereva wa basi la Iringa kwenda Mbeya anatembea spidi ngapi, atakujibu 80 bila kufikiri. Ndicho kiwango cha juu anachoruhusiwa barabara kuu, na ndicho anachokitazama kwenye dashibodi. Sasa chukua saa yako, pima tangu gari linatoka stendi hadi unashusha begi Mbeya, kisha ugawe kilomita za barabara kwa saa ulizotumia: utapata 50 na kitu. Fungua ramani ya simu, pima mstari ulionyooka kati ya miji hiyo miwili, ugawe kwa muda uleule: utapata kama 44. Namba tatu kwa safari moja, na hakuna aliyedanganya.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mwanafunzi wa sekondari anayehangaika na mada ya mwendo, na kwa mzazi au kaka mtu anayekaa naye mezani jioni. Mifano yote inatoka barabarani, kwa sababu mtu wa Nyanda za Juu Kusini anazijua barabara hizi kabla hajafungua kitabu cha fizikia.

KWA NINI WASTANI UWE WA AINA MBILI

Kuna maswali mawili tofauti ambayo watu huyachanganya.

Swali la kwanza ni la mwenye basi: gari limekula lami kiasi gani kwa saa? Yeye anawaza dizeli na matairi. Kila kona inahesabika, kila mchepuko wa kwenda kujaza mafuta unahesabika, na hata kurudi nyuma kumfuata abiria aliyesahaulika kunahesabika. Njia yote iliyopitwa inaitwa umbali. Umbali ukigawanywa kwa muda unatoa kasi ya wastani.

Swali la pili ni la mtu anayetazama ramani: gari limesogea kiasi gani kutoka lilipokuwa, na upande gani? Huyu hajali kona. Anatazama sehemu ya kuanzia na sehemu ya kuishia, anachora mshale mmoja ulionyooka kati yake. Mshale huo, pamoja na upande unaoelekea, tutauita mhamo. Mhamo ukigawanywa kwa muda unatoa velositi ya wastani.

Kwa hiyo kasi ni namba tupu yenye kipimo chake. Velositi ni namba, kipimo na uelekeo. Ukiacha uelekeo, hujaandika velositi.

KISANDUKU CHA KANUNI
Kasi ya wastani = umbali wote ÷ muda wote
Velositi ya wastani = mhamo ÷ muda wote (taja uelekeo)
Muda ni uleule katika zote mbili. Kinachobadilika ni kile kinachogawanywa.
Mhamo hauwezi kuzidi umbali, kwa hiyo ukubwa wa velositi ya wastani hauwezi kuzidi kasi ya wastani. Ukipata kinyume chake, umekosea mahali.

ANZA NA MUDA, MAANA NDIKO WENGI WANAKOANGUKIA

Nimeona wanafunzi wengi wakipoteza alama kwenye muda kuliko kwenye kanuni yenyewe. Mitego iko mitatu.

Wa kwanza ni saa zetu. Basi limeondoka Iringa saa 12:40 asubuhi, limefika Mbeya saa 6:55 mchana. Mwanafunzi anachukua 6:55 anatoa 12:40, anakwama. Au anageuza, anatoa 6:55 kwenye 12:40 na kupata 5:45. Njia salama ni kuandika nyakati zote kwa mtindo wa saa 24 kabla ya kutoa. Saa 12:40 asubuhi ni 06:40, na saa 6:55 mchana ni 12:55. Sasa toa: 12:55 − 06:40 = saa 6 na dakika 15. (Ukishazoea, utaacha pia kukosa basi kwa sababu tiketi imeandikwa 0600 nawe umefika stendi saa 6 mchana.)

Wa pili ni dakika. Saa 6 na dakika 15 si saa 6.15. Dakika 15 ni robo saa, kwa hiyo ni saa 6.25. Kila mara gawa dakika kwa 60 kwanza: dakika 20 ni 0.33, dakika 45 ni 0.75, dakika 50 ni 0.83.

Wa tatu ni vituo. Gari limesimama Makambako watu wale chipsi na wengine wakachimbe dawa. Muda huo unahesabika. Saa haisimami kwa sababu gari limesimama. Kama swali linataka kasi ya wastani ya safari, weka muda wote, kuanzia kuondoka hadi kufika. Utatoa vituo pale tu swali linapotaja waziwazi wastani wa wakati gari lilipokuwa likitembea.

HATUA ZA KUPATA KASI YA WASTANI

Tutumie basi lile lile. Kutoka Iringa hadi Mbeya kwa barabara ya TANZAM ni takribani kilomita 330.

1. Andika umbali wote: 330 km.
2. Andika muda wote kwa saa: 6.25.
3. Gawa: 330 ÷ 6.25 = 52.8.
4. Andika kipimo: 52.8 km/saa.
5. Jiulize kama jibu linaingia akilini. Basi lisilozidi 80 haliwezi kuwa na wastani wa 110, wala safari ya kawaida ya lami haitakupa 9. Ukiona hivyo, rudi hatua ya 2.

Tuseme sasa vituo vyote, Mafinga, Makambako, Igawa na kwingineko, vilikula jumla ya dakika 45. Muda wa kutembea ni saa 5.5, na wastani wa wakati wa kutembea ni 330 ÷ 5.5 = 60 km/saa. Hata hapo bado hatujafika 80 ya dereva, kwa sababu kuna vibao vya 50 kwenye makazi, kuna malori yanayopanda kwa kujivuta, na kuna mlima wa Inyala ambao hakuna dereva mwenye akili timamu anayeushuka kwa mbio.

Namba hii ya 52.8 ina kazi nje ya darasa. Ukiwa ndani ya basi na zimebaki kilomita 100, usimwambie anayekuja kukupokea kwamba utafika baada ya saa 1 na robo kwa kuwa mshale uko kwenye 80. Gawa 100 kwa 52.8, utapata saa 1.9, yaani kama saa 1 na dakika 54. Mwenyeji wako hatakaa stendi bure.

Swali likitaka mita kwa sekunde, gawa kwa 3.6, maana kilomita moja ni mita 1,000 na saa moja ni sekunde 3,600. Hivyo 52.8 ÷ 3.6 = 14.7 m/s. Kurudi kwenye km/saa, zidisha kwa 3.6. Badilisha mara moja tu, mwanzoni au mwishoni. Anayebadilisha katikati ya hesabu huishia na kilomita juu na sekunde chini.

HATUA ZA KUPATA VELOSITI YA WASTANI

Hapa tunahitaji mhamo. Mtihani kwa kawaida hukupa moja kwa moja au hukupa pembetatu. Kwenye ramani halisi unaweza kuupata mwenyewe kwa latitudo na longitudo, ambazo simu yoyote yenye ramani inakuonyesha ukigusa sehemu.

1. Andika sehemu mbili. Iringa iko karibu na nyuzi 7.77 kusini, nyuzi 35.69 mashariki. Mbeya iko karibu na nyuzi 8.90 kusini, nyuzi 33.45 mashariki.

2. Tafuta tofauti. Latitudo: 8.90 − 7.77 = 1.13. Longitudo: 35.69 − 33.45 = 2.24.

3. Geuza nyuzi ziwe kilomita. Uzi mmoja wa latitudo ni kama kilomita 111. Uzi mmoja wa longitudo hupungua kadiri unavyoiacha ikweta. Kwa latitudo ya huku kwetu ni kama kilomita 110. Kwa hiyo kusini: 1.13 × 111 = 125 km. Magharibi: 2.24 × 110 = 246 km.

4. Tumia Pythagoras. 125² + 246² = 15,625 + 60,516 = 76,141. Kipeuo chake cha pili ni 276. Mhamo ni kilomita 276.

5. Tafuta uelekeo. Tanjenti ya pembe ni 125 ÷ 246 = 0.508, ambayo ni nyuzi 27. Mshale unaelekea magharibi, umeinamia kusini kwa nyuzi 27.

6. Gawa kwa muda wote: 276 ÷ 6.25 = 44.2.

7. Andika jibu kamili: velositi ya wastani ni 44.2 km/saa, nyuzi 27 kusini mwa magharibi.

Kwa nini kilomita 330 za lami zimezaa mhamo wa 276 tu? Kona za milima zina sehemu yao, lakini sababu kubwa ni Makambako. Kutoka Iringa barabara inashuka kusini-magharibi kupitia Mafinga hadi Makambako, ambako ni kama kilomita 120 kusini na 95 magharibi mwa Iringa. Ukifika pale, safari ya kwenda kusini imekwisha karibu yote. Barabara inakata kona, inapita pembezoni mwa tambarare za Usangu, Igawa, Chimala, Igurusi, ikielekea magharibi kwa kama kilomita 152. Abiria aliyelala Makambako akaamkia Uyole hajui kwamba amekuwa akienda karibu magharibi tupu.

Hapo kuna jambo la kuangalia. Mhamo wa Iringa–Makambako ni kama kilomita 153 na wa Makambako–Mbeya ni kama 152. Ukijumlisha unapata 305, ilhali mhamo wa safari nzima ni 276. Umbali unajumlishwa kama shilingi. Mihamo hairuhusu, labda iwe inaelekea upande mmoja. Jumlisha kusini kwa kusini na magharibi kwa magharibi, ndipo utumie Pythagoras.

UKIENDA NA KURUDI KWENYE MSTARI MMOJA

Maswali mengi ya kidato cha pili hayahitaji pembetatu. Kitu kinakwenda mbele na nyuma kwenye mstari ulionyooka, na uelekeo unaonyeshwa kwa alama ya kujumlisha au kutoa. Chagua upande mmoja uwe chanya, uandike juu ya karatasi, na usibadilishe hadi mwisho.

Bodaboda ametoka Uyole kuelekea Mwanjelwa. Tuchukulie barabara imenyooka, na upande wa Mwanjelwa ni chanya. Amekwenda kilomita 6 kwa dakika 8, abiria akakumbuka kasahau kitambulisho. Wamesimama dakika 4 wakibishana nauli ya kurudi. Wamerudi kilomita 2 kwa dakika 3, wakakutana na mdogo wake abiria aliyekileta.

Umbali: 6 + 2 = 8 km.
Mhamo: +6 − 2 = +4 km.
Muda: 8 + 4 + 3 = dakika 15 = saa 0.25.
Kasi ya wastani: 8 ÷ 0.25 = 32 km/saa.
Velositi ya wastani: +4 ÷ 0.25 = +16 km/saa, yaani 16 km/saa kuelekea Mwanjelwa.

Kama wangerudi hadi Uyole walikoanzia, mhamo ungekuwa sifuri, na velositi ya wastani sifuri pia, hata wakimbie namna gani. Wanafunzi huona jibu hilo kama kosa la uchapaji. Basi tazama mfano huu.

Tarehe 15 Septemba 2025 Alphonce Simbu alishinda mbio za marathoni za mashindano ya dunia jijini Tokyo kwa muda wa 2:09:48, Mtanzania wa kwanza kuwa bingwa wa dunia wa riadha. Mbio zilianzia Uwanja wa Taifa wa Japani na kuishia hapohapo. Muda wake kwa sekunde ni 7,788, na umbali wa marathoni ni mita 42,195. Kasi yake ya wastani ni 42,195 ÷ 7,788 = 5.42 m/s, sawa na 19.5 km/saa. Jaribu kukimbia hivyo kwa dakika moja uone. Na velositi yake ya wastani? Hata tukisema mstari wa kuanzia na wa kumalizia ulitofautiana kwa mita 200, tunapata 200 ÷ 7,788, yaani mita 0.026 kwa sekunde. Kobe anampita. Hesabu ni sahihi. Inajibu tu swali ambalo hakuna mtazamaji wa riadha anayeliuliza.

Na kuna la nyongeza: Mjerumani Amanal Petros, aliyeshika nafasi ya pili, aliandikiwa muda uleule wa 2:09:48. Kwa usahihi wa sekunde moja, kasi zao za wastani ni sawa. Petros alikuwa mbele hatua za mwisho kabisa, Simbu akampita mstarini. Wastani hauonyeshi nani alikuwa mbele wapi. Unameza yote yaliyotokea katikati.

MTEGO MKUBWA: WASTANI WA WASTANI

Ukisoma sehemu moja tu ya mwongozo huu, isome hii.

Lori la ndizi linatoka Tukuyu kwenda Uyole, takribani kilomita 60. Likiwa na mzigo linapanda kupitia Kiwira hadi Isongole kwa kujivuta, na safari nzima ya kwenda inatoka kwa wastani wa 30 km/saa. Linarudi tupu kwa wastani wa 60 km/saa. Kasi ya wastani ya kwenda na kurudi ni ngapi?

Karibu darasa zima litajumlisha 30 na 60, ligawe kwa 2, liseme 45. Si kweli. Rudi kwenye kanuni, umbali wote kwa muda wote:

Kwenda: 60 ÷ 30 = saa 2.
Kurudi: 60 ÷ 60 = saa 1.
Umbali wote: 120 km. Muda wote: saa 3.
Kasi ya wastani: 120 ÷ 3 = 40 km/saa.

Ni 40 kwa sababu lori lilikaa kwenye mwendo wa 30 kwa saa mbili, na kwenye mwendo wa 60 kwa saa moja tu. Mwendo wa polepole ulipata muda mrefu zaidi, ukauvuta wastani kwake. Kujumlisha na kugawa kwa mbili kunafaa pale tu muda wa kila mwendo unapokuwa sawa. Lori likitembea saa moja kwa 30 na saa moja kwa 60, limekwenda kilomita 90 kwa saa 2, na hapo 45 ni sahihi. Sehemu zikilingana kwa umbali, usithubutu.

Tuendelee kidogo, maana hapa hesabu inagusa maisha ya watu. Dereva ameambiwa na tajiri wake kwamba safari nzima iwe na wastani wa 60. Tayari amekwenda kwa 30. Arudi kwa spidi ngapi? Wengi hujibu 90. Kokotoa: kilomita 120 kwa wastani wa 60 zinahitaji saa 2. Saa 2 zimeshaisha akiwa anaingia Uyole. Hana hata dakika moja ya kurudi. Hata akiwa na ndege hawezi kuupata wastani huo.

Na akirudi kwa 80 badala ya 60? Atatumia dakika 45 badala ya 60. Muda wote unakuwa saa 2.75, na wastani 120 ÷ 2.75 = 43.6. Ameuhatarisha uhai wake na wa waliomo barabarani kwenye kona za Rungwe ili kupandisha wastani kwa 3.6 km/saa na kuokoa robo saa. Muda uliopotea kwenye mwendo wa polepole haukombolewi kwa mbio za mwishoni. Hili kila dereva wa masafa angepaswa kulijua kabla ya leseni.

TOCHI HAIPIMI WASTANI

Trafiki aliyejificha na tochi kwenye mti anapima kasi ya papo hapo, ile gari iliyokuwa nayo katika nukta ile ya muda. Mshale wa dashibodi unaonyesha hiyohiyo. Wastani unahitaji sehemu mbili na nyakati mbili.

Lakini wastani nao unaweza kumuumbua dereva. Chukua kipande cha Iringa hadi Mafinga, kama kilomita 80. Basi likikipita kwa dakika 55, wastani ni 80 ÷ (55 ÷ 60) = 87.3 km/saa. Hapo huhitaji tochi wala shahidi: ili wastani uwe 87, lazima kuna wakati mwendo ulifika angalau 87, na kikomo cha basi ni 80. Ndiyo maana mamlaka ya usafiri wa ardhini, LATRA, hufunga mabasi vifaa vya kufuatilia mwenendo wake, na dereva anayepunguza mwendo kila anapotonywa kuwa mbele kuna tochi bado anaonekana.

Kinyume chake hakithibitishi kitu. Basi likitumia saa 1 na robo, wastani ni 64, lakini huenda lilifika 110 mteremkoni kisha likakaa dakika 20 kwenye foleni. Wastani mdogo haumsafishi dereva.

MAKOSA MENGINE YA KUKWEPA

Kutumia kanuni ya (u + v) ÷ 2 kila mahali. Hiyo ni ya mchapuko usiobadilika, pale mwendo unapoongezeka au kupungua kwa kiasi kilekile kila sekunde. Swali lisiposema hivyo, iache.

Kusoma grafu vibaya. Kwenye grafu ya mahali kwa muda, velositi ya wastani ni mwinuko wa mstari ulionyooka unaounganisha nukta ya mwanzo na ya mwisho. Usifuate mikunjo ya katikati.

Kuandika alama ya kutoa kwenye kasi. Kasi haiwi hasi. Velositi inaweza, na alama hiyo inasema tu kwamba kitu kinaelekea upande usiouchagua.

Kuandika desimali nyingi. Umbali wa "takribani 330" haukupi haki ya kusema 52.800000 km/saa. Tarakimu tatu zinatosha.

JIPIME MWENYEWE

Unahitaji tepu ya kupimia, saa ya simu na wenzako wawili. Fanyia uwanja wa shule; kando ya barabara kuu hapafai, hata kama inaonekana tupu.

1. Pima mita 50 kwenye mstari ulionyooka, weka alama kila mita 10.
2. Mmoja aanze alama ya 0, atembee hadi 50, ageuke bila kusimama, arudi hadi alama ya 30.
3. Mwenye saa abonyeze mwanzo na mwisho tu.
4. Umbali ni mita 70. Mhamo ni mita 30. Gawa kila mmoja kwa sekunde ulizopata.
5. Rudieni mara tatu. Kidole huchelewa kidogo kubonyeza, na kwenye safari ya sekunde chache kuchelewa huko kunaharibu jibu. Ukitaka wastani wa mara zote tatu, gawa mita 210 kwa jumla ya sekunde zote. Usijumlishe kasi tatu na kugawa kwa tatu. Umeshaona lori la Tukuyu.

Usitumie ramani ya simu kwa zoezi hili. Inaweza kukosea kwa mita kadhaa, na kosa hilo, lisilo na maana kati ya Iringa na Mbeya, ni kubwa mno kwenye mita 50.

Kisha jaribu haya bila kuangalia majibu.

a) Tarehe 2 Februari 1974 huko Christchurch, Filbert Bayi alikimbia mita 1,500 kwa 3:32.16 na kuweka rekodi ya dunia. Kasi yake ya wastani ilikuwa ngapi?
b) Gari limekwenda kilomita 100 kwa wastani wa 50 km/saa, kisha kilomita 100 nyingine kwa 80 km/saa. Kasi ya wastani ni ngapi?
c) Mkulima wa Igurusi ametembea kilomita 3 kaskazini, akakata kona kwenda kilomita 4 mashariki, yote kwa saa 1 na dakika 15. Tafuta kasi na velositi ya wastani.

Majibu:
a) Sekunde 212.16, 7.07 m/s, au 25.5 km/saa.
b) Saa 2 na saa 1.25, jumla 3.25, 200 ÷ 3.25 = 61.5 km/saa. Ukipata 65, umeingia mtegoni.
c) Kasi: 7 ÷ 1.25 = 5.6 km/saa. Mhamo ni kilomita 5, hivyo velositi ni 4 km/saa, nyuzi 53 mashariki mwa kaskazini.

Kama la (c) uliandika 4 km/saa ukaishia hapo, irudie kalamu uandike upande. Msahihishaji hawezi kukubahatishia mkulima alikuwa anaelekea wapi.